Nani Apande Boti, Nani Abaki

Kisiwani kwetu mgonjwa hulipia safari kabla hajalipia dawa. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kwenye kisiwa kimojawapo cha Wilaya ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, na kila ninapoandika karatasi ya rufaa najua nimeandika na mambo mengine yasiyo na nafasi kwenye karatasi hiyo. Kwanza boti ya injini hadi hospitali ya wilaya, Nansio. Nansio wakishindwa, kuna meli ya Mwanza, zaidi ya saa tatu majini. Au mgonjwa azungukie kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, kisha apande gari kupitia Bunda. Hasafiri peke yake. Msindikizaji naye lazima ale, apate pa kulala, na aache nyuma shamba la mihogo au nyavu za dagaa. Foleni ya hospitali ikirefuka, siku mbili zinageuka wiki, na nyumbani mbuzi ameshauzwa.

Juu ya hayo kuna ziwa lenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Huku kwetu msiba ule haujaisha kuzungumzwa. Kwa hiyo ninapomwambia bibi wa miaka sabini, "Bibi, itabidi uvuke," naye akanyamaza, siuchukulii ukimya wake kuwa ubishi. Anapima jambo zito, na ana haki ya kuniuliza kama nina hakika.

Kwa miaka mingi tabibu wa mahali kama hapa alilijibu swali hilo peke yake, akitegemea kitabu cha mwongozo na uzoefu wake. Mwenye hofu alimvusha kila mtu. Mwenye kuhurumia nauli za watu aliwabakiza hata wasiofaa kubaki. Tiba mtandao, yaani daktari aliye mbali kumwona mgonjwa, kumsikia au kusoma vipimo vyake kwa njia ya simu na kompyuta, imetusaidia hasa katika swali hilo: nani apande boti leo, nani asubiri kliniki ijayo, nani atibiwe hapa hapa. Watu wa mjini wanaipenda kwa kuwa inawaepusha na foleni. Huku ndiyo inayoamua kama mbuzi atauzwa au atabaki zizini.

Nianze na ngozi, maana hakuna kiungo kinachofaa kutazamwa kwa mbali kama ngozi. Ukerewe wanaishi watu wengi wenye ualbino, na jua la ziwani huwapiga mara mbili, likishuka kutoka juu na likirudi kutoka majini. Kidonda kidogo sikioni au mdomoni kinaweza kuwa kuungua tu, na kinaweza kuwa saratani inayoanza. Kwa macho ya tabibu asiyesomea ngozi, vyote viwili ni kigaga chekundu kisichopona.

Tunachofanya ni hiki. Mgonjwa anakaa barazani, kivulini lakini penye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya simu hudanganya rangi. Tunapiga picha tatu: moja ya mbali kuonyesha kidonda kiko wapi mwilini, moja ya karibu, na moja ya ubavuni ili ionekane kama kimeinuka. Pembeni tunaweka rula, maana bila rula kidonda cha ukubwa wa punje ya harage na cha ukubwa wa sarafu vinaonekana sawa. Kisha naandika: umri, kilianza lini, kinatoa damu au hakitoi, tezi za shingo zimevimba au la, amepaka nini. Usiku, mtandao ukipungua msongamano, picha zinaondoka. Jibu la daktari bingwa linaweza kuja kesho yake asubuhi, na hakuna kilichoharibika.

Wiki moja tulituma picha za watu wawili. Wa kwanza kijana mwenye ualbino anayechuuza samaki mwaloni, ana kidonda nyuma ya sikio alichokwisha kutibiwa kwa vidonge vya antibiotiki kila alikopita. Jibu lilikuwa fupi: huyu asisubiri, aletwe Mwanza wiki hii hii, kikatwe kipande kipimwe. Kidonda kikaondolewa kikiwa bado kidogo, na sikio lake analo. Wa pili alikuwa bibi mwenye bato jeupe mgongoni ambalo familia ilidhani ni fangasi. Bingwa aliomba tumrekodi akiwa amefumba macho huku muuguzi akimgusa kwa pamba. Penye bato hakuhisi kitu. Ulikuwa ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kutegemea aina. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alitujia yeye mwenyewe, akamwona, akaacha dawa. Bibi yule hakuvuka maji.

Wengi wa mabingwa wa ngozi wa ukanda huu wamepita mikononi mwa kituo cha mafunzo kilichoanzishwa mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC, Moshi, ambako pia hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini bingwa wa ngozi hatakuja kuishi kisiwani kwetu, na sioni sababu ya kumlaumu. Kinachowezekana ni macho yake kutufikia.

Namna hii ya kutuma na kusubiri haidai mtandao wa kasi wala kompyuta ya bei kubwa. Mwaka 1999 shirika dogo la hisani la Uingereza, Swinfen Charitable Trust, liliiunganisha hospitali ya watu waliopooza ya Savar, Bangladesh, na madaktari bingwa wa nchi za mbali kwa kamera ya dijitali na barua pepe tu. Simu iliyo mfukoni mwa mvuvi wetu leo ina kamera nzuri kuliko ile.

Kichocho nacho ni ugonjwa wa visiwa hivi. Watoto wanaogelea, akina mama wanafua, wavuvi wanasukuma mitumbwi, na wadudu wanaingia kupitia ngozi. Dawa yake, prazikwanteli, tunayo. Tunampima mtu urefu kwa kijiti na kumpa idadi ya vidonge. Shida ni wale walioishi na kichocho cha tumbo kwa miaka bila kutibiwa. Ini linajaa makovu, bandama linavimba, mishipa ya koo la chakula inatanuka, na siku moja mtu anatapika damu. Tumbo kubwa la mtu wa namna hiyo na tumbo kubwa la mwenye maradhi mengine huwezi kuvitenganisha kwa kupapasa tu. Siku hizi picha za altrasaundi zinachukuliwa na mtu aliyefundishwa kuishika mashine, na mtaalamu wa mionzi aliye mjini ndiye anayezisoma. Akisema makovu yamekomaa, mgonjwa anakwenda kuchunguzwa koo kwa kamera kabla damu haijamwagika, akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Akisema bado, ameze vidonge hapa na arudi kwetu baada ya muda.

Kwa wajawazito mambo hayasubiri asubuhi. Mama wa mimba ya kwanza analetwa usiku na mama mkwe wake, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Presha ni 170 kwa 110. Muuguzi mkunga anajua jina la kitu hicho, na mimi najua: kifafa cha mimba kiko mlangoni. Simu inawekwa spika juu ya meza ya dawa, na daktari wa wajawazito aliye ng'ambo anauliza moja baada ya jingine. Mkojo una protini? Anasikia maumivu chini ya mbavu za kulia? Mtoto anacheza? Mmemwekea drip? Kisha anasema neno ambalo ndilo tulilompigia: apewe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kabla hajainuka kitandani, na dawa ya kushusha presha, ndipo muite boti. Anabaki kwenye simu mpaka sindano zimeingia. Kule anakomwelekea wanajua anakuja, amepewa nini na saa ngapi, na chumba cha upasuaji kinaandaliwa angali yuko majini.

Nimewasikia watu wakisema sindano hiyo imo kwenye mwongozo, hakuna haja ya kumwamsha daktari. Imo, ni kweli. Lakini mkunga aliye peke yake saa nane za usiku, mwenye mgonjwa anayetetemeka na familia inayolia mlangoni, anahitaji mtu wa kumwambia, "Dada, uko sawa, endelea." Mkono unatulia. Dozi inapimwa vizuri. Tafiti za aina yoyote zisinisahaulishe hilo, kwa sababu nimeuona mkono huo ukitulia.

Safari yenyewe sasa ina mpangilio. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kuanzia kwetu Kanda ya Ziwa, una namba ya bure, 115. Anayepokea anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe kituo gani, na gari la wagonjwa likiwa mbali anapigiwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye malipo yake huingia kwenye simu. Huduma hiyo ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Msomaji mwenye mjamzito nyumbani aiandike namba hiyo ukutani, karibu na mlango, kwa maandishi makubwa.

Mambo haya yana wazee wake. Katika majangwa ya Australia mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928, ikianzia mji wa Cloncurry, na mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akatengeneza redio inayopata umeme kwa kukanyagwa kama cherehani. Mke wa mfugaji aliye mbali na kila kitu aliweza kuzungumza na daktari. Ila kuzungumza tu hakukumponya mtu. Kilichokamilisha kazi kilikuja mwaka 1942: sanduku la dawa lililowekwa kwenye mashamba ya mbali, kila dawa na namba yake. Daktari alisema kwenye redio mgonjwa apewe dawa namba fulani, mara ngapi, na mtu asiyejua kusoma majina ya dawa akaipata. Huwa nalifikiria sana sanduku lile.

Huku kwetu madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha mwaka 1957 shirika ambalo leo tunalijua kwa jina la AMREF. Madaktari wake wa ndege na redio zao zilizifikia hospitali za misheni ambazo barabara zilikatika kila masika. Wauguzi wa zamani wanaikumbuka simu ya upepo: saa maalumu ya asubuhi kila kituo kinaitwa, kinataja wagonjwa wake, wengine wote wanasikiliza. Mkunga mmoja mstaafu aliyenifundisha kazi aliniambia alijifunza mengi kwa kusikiliza wagonjwa wa vituo vingine kuliko aliyofundishwa chuoni.

Maneno yake yamethibitishwa mbali sana na hapa. Daktari Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alikuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakisubiri miezi kumwona, wengine wakisafiri mamia ya kilomita. Mwaka 2003 akaanzisha mradi wa ECHO. Badala ya kuwavuta wagonjwa, aliwaunganisha kwa video wahudumu wa vijijini na mabingwa kila wiki. Kila mmoja anamweleza mgonjwa wake, wote wanajifunza kwa mgonjwa huyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Waliotibiwa na wahudumu wa vijijini na magerezani walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa kwenye kliniki ya chuo kikuu asilimia 57.5. Hakuna tofauti ya maana. Ugonjwa mgumu, dawa zenye madhara makali, na mhudumu wa kijijini hakupitwa, kwa sababu hakuachwa peke yake.

Nimeona jambo hilo hilo kwa kiwango chetu kidogo. Mwaka wa kwanza wa kutuma picha za ngozi nilikuwa natuma kila kitu. Sasa upele wa utitiri, mba na pumu ya ngozi natibu bila kuuliza, na bingwa anapata picha zinazomstahili. Daktari wa mbali anayejibu vizuri anajipunguzia kazi mwenyewe. Hii ndiyo faida isiyoandikwa kwenye ripoti za miradi, nami naiona kubwa kuliko mitambo yote: maarifa yanabaki kisiwani hata siku mnara wa simu ukizimika.

Lakini sanduku la dawa je? Daktari wa mbali anaweza kusema magnesiamu salfeti, na kabati likawa tupu. Anaweza kusema mwongezeni damu, mahali pasipo na benki ya damu. Hapo simu inatuhakikishia tu kwamba tumechelewa. Ndiyo maana nauheshimu mradi ambao wengi wasingeuita tiba mtandao kabisa. Kati ya mwaka 2009 na 2010, wilaya tatu za Tanzania, yaani Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, zilijaribu kitu kilichoitwa SMS for Life. Kila wiki mhudumu wa zahanati alipata meseji ya kumuuliza akiba ya dawa za malaria, yaani dawa mseto na kwinini ya sindano. Akajibu kwa meseji ya bure. Wilaya ikaona nani ameishiwa na nani anazo za ziada, ikahamisha. Vituo 129, wiki 21. Mwanzoni vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau dawa moja kati ya hizo. Mwishoni vilikuwa 26. Simu zilikuwa za batani, hakuna video wala picha. Daktari bingwa wa dunia nzima hawezi kuwa na maana kwa mtoto mwenye malaria kuliko kidonge kilichofika kabatini.

Kuna na wale walioambiwa waende, wasiende. Mtu anapokea karatasi ya rufaa, anaikunja vizuri, anaiweka chini ya godoro. Anasubiri dagaa wapatikane, anasubiri mbalamwezi ili mume arudi kutoka kambi ya uvuvi, anasubiri kaka atume hela. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililielewa hilo mapema kwa wanawake wenye fistula ya uzazi, ambao wengi walikuwa mikoani, wamefichwa, hawana nauli, na upasuaji wao ni bure. Kuanzia mwaka 2009 ikawa mtu wa kujitolea akimgundua mwanamke mwenye tatizo hilo, hospitali inatuma nauli kwa M-Pesa, mgonjwa anapandishwa basi siku hiyo hiyo. Upasuaji ulikuwepo siku zote. Kilichokuwa kinakosekana ni hela ya basi.

Wenzetu wa Trans Nzoia, Kenya, walipima jambo kama hilo kwa watoto wa shule. Walimu walifundishwa kupima macho kwa programu ya simu iitwayo Peek, katika shule 25, na shule nyingine 25 zikatumia njia ya kawaida ya chati ya karatasi. Mtoto aliyeonekana ana shida kwenye kundi la simu, mzazi wake alipelekewa meseji za kumkumbusha, na picha ya kuonyesha jinsi mwanawe anavyouona ubao darasani. Asilimia 54 walifika hospitali. Kwenye kundi la kawaida walifika asilimia 22. Picha ile naipenda kwa sababu inamheshimu mzazi. Imemwonyesha mtoto wake anaona nini, akaamua mwenyewe.

Kwa wazee wenye presha na kisukari faida yake ni ya kila mwezi. Mzee mmoja wa hapa, mjenzi wa mitumbwi, alikuwa akivuka hadi mjini ili mtu amfunge mashine ya presha mkononi, amwandikie vidonge vile vile, arudi. Siku hizi anapimwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii nyumbani kwake, namba zinaandikwa kwenye daftari na kutumwa, na daktari akiona zimetulia dawa inachukuliwa hapa kituoni. Zikipanda mara mbili mfululizo, anapigiwa. Aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo huyo daktari ananijua?" Nikamwambia anakujua kwa namba zako za miezi yote, babu, na anajua mwezi uliokula chumvi nyingi. Akacheka, lakini chumvi amepunguza.

Haya yote yana upande ambao lazima usemwe waziwazi. Picha ya mwili wa mgonjwa ni sehemu ya mgonjwa. Nimeona picha za vidonda vya watu zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wasiohusika, na nimekasirika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa uzito zaidi. Msomaji, ukiwa mgonjwa, una haki ya kuuliza: picha hii inakwenda kwa nani? Itakaa wapi? Uso wangu umo? Una haki ya kukataa na bado ukatibiwa. Kituoni kwetu picha haipigwi kabla mgonjwa hajakubali, haina jina, ina namba ya faili tu, na inapigwa kwa simu ya kituo. Kisiwani watu wote wanajuana. Siri ikitoka haina pa kujificha.

Kuna suala la nani anamiliki daraja tunalovukia. Rwanda walikuwa na huduma ya simu iitwayo Babyl, iliyoanza mwaka 2016. Mtu alibonyeza *811# hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti, akazungumza na muuguzi au daktari, akapata namba ya kuchukulia dawa au kipimo. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka kifedha, huduma ya Rwanda nayo ikafungwa. Wagonjwa hawakuwa wamekosea kitu, na wahudumu vilevile. Mimi nasoma hapo kwamba huduma ambayo kijiji kimeanza kuitegemea isining'inie kwenye mizania ya kampuni iliyo bara jingine. Ifundishwe vyuoni, iingie kwenye bajeti ya serikali, na data zake zikae nchini.

Halafu kuna malipo. Daktari bingwa anayejibu picha zangu usiku amemaliza zamu yake na bado ana watoto wa kulea. Kwa sasa wengi wanajibu kwa moyo tu, nami nawashukuru, lakini huduma ya taifa haijengwi juu ya moyo wa watu waliochoka. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Natamani kuona ushauri wa daktari wa mbali ukilipwa na bima kama kitendo halali cha tiba, na tabibu wa kituo aliyempiga picha na kumwelezea mgonjwa naye ahesabiwe kuwa amefanya kazi. Ushauri mmoja uliomzuia mtu kuvuka bure umeokoa pesa za familia ambazo hazionekani kwenye hesabu za hospitali yoyote.

Na wewe uliye kijijini, usisubiri mradi wenye bendera. Uliza kwenye zahanati yako kama wana daktari wanayeweza kumpigia, na ni nani. Uliza wanatumia simu ya nani. Ukiugua, andika siku dalili ilipoanza na kila dawa uliyokwisha kumeza, pamoja na za mizizi, usione haya. Daktari asiyekuona anategemea sana maneno yako. Tunza daftari lako la presha au sukari kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Kwenye mkutano wa kijiji, mjumbe wa kamati ya zahanati akisimama, muulize bando la mwezi limelipwa na nani.

Sisi kamati yetu imekaa kuandaa maombi ya bajeti ya mwaka ujao kwa halmashauri. Tumeandika simu mbili za kituo na bando la kila mwezi, ili mhudumu asitumie vocha ya mfukoni mwake. Tumeandika betri ya pili ya sola, kwa sababu ya sasa ikichaji simu usiku taa ya chumba cha kujifungulia inafifia. Tumeandika na mashine mbili za presha za wahudumu wa jamii. Mjumbe mmoja, mvuvi wa dagaa asiye na maneno mengi, akasikiliza orodha yote, kisha akauliza mafuta ya boti kwa wale ambao daktari wa kwenye simu atasema waende yako namba ngapi. Yalikuwa namba nne. Alitaka yawe namba moja, na tukayapandisha.